Goti Hili ni la Nani

Swali hili sikuliuliza mimi. Aliniuliza mtoto wa Darasa la Sita, akiwa amesimama wima na mikono nyuma, kama tunavyowafundisha kusimama wanapozungumza na mkubwa.

Kilikuwa kipindi cha mwisho kabla ya mapumziko. Nilikuwa nimewasimulia, kama ninavyowasimulia kila mwaka, habari za John Stephen Akhwari wa Mbulu. Ndugu msomaji, huenda unazijua, ila nizirudie kwa ufupi kwa kuwa nitazihitaji huko mbele. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika Jiji la Mexico, wanaume 75 walianza mbio za marathoni za Michezo ya Olimpiki. Jiji lile liko juu sana, zaidi ya meta 2,200 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Akhwari alipokaribia kilometa ya 19 alianguka. Goti likateguka, bega likajigonga barabarani. Wakamfunga bendeji, akaendelea, mara anakimbia, mara anachechemea. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa amekwisha kushinda kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Akhwari aliingia uwanjani giza limekwisha kutanda na watazamaji wengi wamekwenda zao, akavuka mstari kwa saa 3, dakika 25 na sekunde 27. Alikuwa wa 57 kati ya watu 57 waliomaliza. Wengine 18 waliachia njiani. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, jibu lake, ambalo karibu kila Mtanzania amelisikia, lilikuwa kwamba nchi yake haikumtuma mbali kiasi kile akaanze mbio, bali akazimalize.

Nilipofika hapo huwa nanyamaza kidogo ili maneno yawaingie. Ndipo mtoto yule aliponyosha mkono.

"Mwalimu, na wewe utarudi lini uwanjani?"

Darasa halikucheka. Wote walijua habari za goti langu, maana baadhi yao walikuwepo kando ya uwanja siku ile. Nilijibu jambo fulani la kujitoa, nikafuta ubao ambao haukuwa na maandishi mengi ya kufutwa, kengele ikaniokoa. Lakini tangu siku hiyo swali lile limekaa nami, na ninaandika kurasa hizi kwa sababu sikumjibu.

Iguguno yetu, kwa wasiopafahamu, ni mji mdogo wa Wilaya ya Mkalama, kando ya barabara kuu itokayo Singida kwenda Nzega na hatimaye Mwanza. Abiria wa mabasi hupaona kwa dakika chache tu, labda hununua kitu dirishani, wakaendelea na usingizi. Sisi wenyeji tunaishi kwa alizeti, mtama, uwele, mahindi na mifugo, na mvua zetu ni za msimu mmoja. Kiangazi, mazao yakiwa yamekwisha kuingia ndani, ndipo mpira unapochezwa kwa bidii. Hapo huanzishwa ligi ya mbuzi: kila timu hutoa kiingilio, na mshindi hupewa mbuzi.

Nilicheza beki wa kulia kwa miaka mingi. Sikuwa mchezaji hodari, na silisemi hili kwa unyenyekevu. Waulize walionipita upande wangu. Lakini uwanjani nilikuwa mtu mwingine. Mwalimu ni mtu anayetazamwa kutwa nzima, anapima kila neno, mashati yake yanahesabiwa na wanafunzi. Jioni nikivaa daluga nilikuwa napigiwa kelele na fundi baiskeli, nasukumwa na kijana niliyemfundisha kuandika jina lake, na hakuna aliyeniamkia shikamoo mpaka mpira uishe. Sijui kama waliokuwa na kazi nyingine wataelewa raha ya jambo hilo.

Nilikuwa na umri wa miaka 34 siku nilipoumia. Mwezi ulikuwa Agosti, vumbi tupu. Mpira ulipigwa nyuma yangu, nikakita mguu wa kulia ili nigeuke, mwili ukageuka, mguu ukabaki. Nikasikia sauti ndani yangu kama bua kavu la mtama linapovunjwa. Hakuna mtu aliyenigusa. Hilo nalo lina uchungu wake, kwa sababu mtu aliyevunjwa na mwenzake ana mtu wa kumlaumu, au wa kumsamehe. Nikapelekwa nyumbani juu ya bodaboda, nimebanwa kati ya dereva na mchezaji mwenzangu, mguu unaning'inia.

Nilianza kwa mzee wa kukanda, kama wengi tufanyavyo. Goti likavimba, likapoa, likavimba tena. Likawa linaniachia ghafla, hata nikishuka kizingiti. Mwezi Oktoba ndipo nikaenda Dodoma, nikalazwa ndani ya mtambo mkubwa unaogonga kama mtu anatengeneza bati, na daktari akanieleza kwa utulivu kilichotokea. Katikati ya goti, alisema, kuna kano mbili zinazopishana kama msalaba. Ya mbele kazi yake ni kuzuia mfupa wa muundi usiteleze mbele ya mfupa wa paja, na kulituliza goti mtu anapogeuka. Hiyo ndiyo iliyokatika. Ikikatika yote, kwa kawaida haiungi yenyewe kama mfupa unavyounga. Juu ya muundi kuna gegedu mbili zenye umbo la mwezi mwandamo, ambazo ndizo mto wa goti. Kwa bahati zangu zilikuwa salama.

Akaniwekea njia mbili. Ya kwanza ni upasuaji, ambapo kano mpya hutengenezwa kwa kipande cha kano nyingine ya mwili wako mwenyewe, halafu mtu husubiri miezi mingi; utafiti mmoja uliotangazwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba wanaorudi michezoni kabla ya miezi tisa huumia tena mara nyingi zaidi kuliko wanaongoja. Njia ya pili ni mazoezi: kuitia nguvu misuli ya paja mpaka ishike kazi ya kano iliyokufa. Nilidhani ananipa njia ya maskini kwa kunionea huruma, lakini akanieleza kuwa huko Sweden walijaribu jambo hilo kwa watu 121 waliokuwa wakishiriki michezo, wakatangaza matokeo mwaka 2010, na baada ya miaka miwili zaidi ya nusu ya walioanza na mazoezi walikuwa hawajahitaji kisu. Nikachagua mazoezi. Akanionya: kwa kutembea, kulima, kuendesha baiskeli, hata kukimbia mbio za kunyooka, goti litakutosha. Mpira ni habari nyingine. Mpira ni kugeuka. Siku goti litakapoachia uwanjani, huenda likaondoka na gegedu, na gegedu ikiharibika uzee wa goti huja mapema.

Gharama za safari zile, kipimo, na kulala Dodoma zilitoka kwa mbuzi watatu waliouzwa mnadani. Kumbuka kwamba niliumia nikigombea mbuzi mmoja, ambaye zaidi ya hayo angegawanywa kwa watu kumi na wanane.

Miaka miwili imepita. Nimefanya mazoezi yale kila alfajiri, nikiegemea mlango wa banda, kuku wakinishangaa. Paja la kulia limelingana na la kushoto. Nimelima msimu mzima bila goti kuniachia hata mara moja. Na mwaka huu nahodha wa timu yetu alikuja nyumbani, akakaa, akanywa chai, akazungumzia mvua, akazungumzia bei ya alizeti, halafu akasema wanaanza mazoezi.

Hapo ndipo ninaporudi kwa Akhwari, na kwa makosa ambayo nimekuwa nikiyafanya darasani kwa miaka yote hii.

Nilikuwa nikiisimulia habari ile kana kwamba inajibu swali la mtu aliyeumia. Hailijibu. Akhwari pale Mexico alikuwa na jambo alilolianza na ambalo lilikuwa bado halijaisha. Mstari ulikuwepo, mbele yake, na kila hatua ilimsogeza karibu nao. Mechi yangu mimi iliisha siku ileile. Tulifungwa mabao mawili kwa moja, mwamuzi akapuliza filimbi, mbuzi akaenda kwa wenyewe. Sikuacha kitu chochote nusu. Anayefikiria kurudi uwanjani baada ya kuumia hamalizii mbio. Anaanza nyingine, akiwa na akili timamu, damu imepoa, na akijua maumivu yanafananaje. Kumaliza kunahitaji uvumilivu. Kuanza upya kunahitaji sababu.

Na jambo la kustaajabisha ni kwamba Akhwari huyuhuyu alilijibu swali hilo la pili kwa vitendo, ila hatusimulii. Mwezi Julai 1970, miezi 21 baada ya Mexico, alisimama tena kwenye mstari wa marathoni, safari hii mjini Edinburgh kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola. Ron Hill wa Uingereza alishinda. Akhwari alikuwa wa tano, kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 5. Hebu zitazame namba hizo: dakika 70 na zaidi pungufu ya muda wa Mexico, na pungufu hata ya muda uliompa Mamo Wolde medali ya dhahabu, ingawa ni kweli Edinburgh haina hewa nyepesi kama ya Mexico. Goti lililoteguka lilikuwa limerudi kuwa goti la mwanariadha bora kabisa.

Kwa nini sikuwahi kuwaambia watoto habari za Edinburgh? Nimejichunguza, na nadhani ni kwa sababu haina damu. Tunalipenda jeraha kuliko kupona. Bendeji inaonekana kwenye picha. Miezi 21 ya katikati haina picha. Mtu anayechechemea gizani huku watu wachache wakimpigia makofi anatutoa machozi, lakini mtu aliyepona, akafanya mazoezi, akashika nafasi ya tano, huyo ni habari ya kona ya gazeti. Nilikuwa nawafundisha watoto wa watu kustahi maumivu, nikidhani nawafundisha ushujaa.

Wenzangu ofisini walipojua kwamba nasitasita, kila mmoja alikuja na methali yake. Mmoja aliniambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ni methali nzuri, nami nimewaandikisha wanafunzi insha juu yake. Lakini koleo ni chombo. Likivunjika mhunzi hununua jingine, au hulitengeneza mwenyewe kwa moto uleule. Goti si koleo langu. Goti ni sehemu ya mhunzi. Mwingine, mtu mzima anayekaribia kustaafu, alisema ng'ombe avunjikapo mguu hukimbilia zizini. Kwa maana ya wahenga ni kweli: aliyeumia hurudi kwao asaidiwe. Ila sisi tunaofuga tunajua pia kinachompata ng'ombe huyo akishafika zizini. Huitwa mwenye kisu. Binadamu pekee ndiye anayefungwa mguu, akapelekwa msalani, akapikiwa uji, miezi na miezi, na watu ambao hawakucheza mpira wowote.

Wengine walinipa mifano ya mbali, maana mpira wa Ulaya umeingia kila kibanda. Walinikumbusha Ronaldo wa Brazil, mshambuliaji yule wa zamani. Aliumia goti Novemba 1999, akapasuliwa, akarudi uwanjani mjini Roma tarehe 12 Aprili 2000, na baada ya dakika chache tu goti likakatika tena, bila kuguswa, akilia kwa sauti. Miaka miwili baadaye alifunga mabao manane katika Kombe la Dunia, mawili kati ya hayo kwenye fainali dhidi ya Ujerumani. "Unaona?" walisema. Naona. Lakini naona pia kwamba wanaorudi wakashinda ndio wanaosimuliwa vibandani. Hakuna aliyenitajia Marco van Basten wa Uholanzi, ambaye kifundo cha mguu kilimsimamisha baada ya fainali ya Munich ya mwaka 1993 akiwa na miaka 28. Alijaribu kwa miaka miwili, kisha mwaka 1995 akatangaza kwamba basi. Je, van Basten alikuwa mwoga? Hakuna aliyemwona akicheza atakayethubutu kusema hivyo. Na Ronaldo alikuwa na madaktari wake, mshahara wake, na watu waliolipwa kumbeba. Waliosoma falsafa watanikumbusha kwamba Aristotle aliuweka ushujaa katikati ya woga na ujeuri. Sawa, lakini mimi siulizi kama ni jasiri. Nauliza kama nina haki.

Maana nimekuwa nikiandika "goti langu, goti langu", na sasa sina hakika na neno hilo "langu".

Msimu ule wa kwanza baada ya kuumia, mvua zilianza Desemba. Tuna ekari mbili za alizeti. Udongo ukilowa, mguu unazama, na goti lilikuwa bado linaniachia. Nililima nusu mstari nikaanguka, mke wangu akaninyang'anya jembe. Akalima peke yake. Palizi ya kwanza, palizi ya pili. Binti yetu, aliyekuwa kidato cha pili, alikuwa akirudi shule saa kumi jioni, anavua sare na kushika jembe mpaka giza linaingia, halafu ndipo afungue daftari kwa mwanga wa taa ndogo ya sola. Mwalimu mzima, ninayewahimiza wazazi wa wenzake kila mkutano wawaachie watoto muda wa kusoma, nilikuwa nimeketi kwenye kigoda barazani nikimtazama mwanangu akisinzia juu ya hesabu za maumbo. Hakulalamika. Matokeo yake ya mwaka ule yalishuka, yakapanda tena baadaye, lakini yalishuka.

Kwa hiyo goti hili ni la nani? Nikisema ni langu, nitakuwa nasema kwamba faida yake ni yangu na hasara yake ni ya watu wengine. Mtu akicheza, raha anaipata peke yake. Akivunjika, anavunjika na nyumba nzima.

Hata hivyo, ndugu msomaji, usiharakishe kunifunga kwa hoja hiyo, kwa maana nilijaribu kujifunga kwayo mwenyewe ikakatika. Kama miili yetu ingekuwa mali ya watakaotubeba, hakuna ambaye angefanya jambo lolote. Kijana wa bodaboda asingepanda pikipiki, na ile inaumiza watu wengi kuliko mpira. Mke wangu mwenyewe hupanda mwembe kuchuma. Mwanamke asingebeba mimba, kwani hakuna hatari inayoizidi hiyo kwa familia. Kuishi pamoja ni kukubali kubebana, na anayeogopa kabisa kumsumbua mwenzake, mwishowe humsumbua kwa njia nyingine. Mimi nilikuwa nimemsumbua. Katika miaka ile miwili bila uwanja nilikuwa mtu wa kununa. Nilikuwa nafika nyumbani saa kumi na sielewi pa kuiweka jioni. Nilikuwa nagombeza watoto kwa kijiko kilichoanguka.

Mwalimu Mkuu, kwa nia njema, alinishauri niwe mwanariadha wa barabarani. Ilikuwa siku zile baada ya tarehe 15 Septemba 2025, Alphonce Simbu wetu wa Ikungi aliponyakua medali ya dhahabu ya marathoni ya Mashindano ya Dunia mjini Tokyo, kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, muda uleule hasa na Amanal Petros wa Ujerumani, ikabidi picha iamue. Mkoa mzima wa Singida ulikuwa na furaha. Watoto wa Iguguno walikuwa wakikimbia kando ya lami asubuhi kabla ya shule, na sisi walimu tukihofia malori. Daktari alikuwa amenikubalia mbio za kunyooka. Nilijaribu majuma matatu. Niseme ukweli: zilinichosha roho. Nilikuwa nakimbia huku nikiwaza madaftari yasiyosahihishwa. Heshima yangu kwa Akhwari na Simbu ilizidi, lakini nilichokikosa hakikuwa kukimbia. Nilikosa kelele, nilikosa kusukumwa, nilikosa kuwa mtu asiyeamkiwa.

Basi usiku mmoja nilimweleza mke wangu. Niliipanga hotuba kama mtu anayekwenda kwenye usaili. Nikamwambia kwamba watoto wa shule wananitazama. Kwamba nikikaa kando nitakuwa nimewafundisha kukata tamaa. Kwamba timu ya kata inahitaji mtu mzima wa kuwatuliza vijana. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Aliniacha nikamaliza yote.

"Baba watoto," akasema, "ukitaka kurudi, rudi. Lakini usiniambie unarudi kwa ajili ya watoto wa shule."

Sikuwa na jibu. Alikuwa ameniondolea nguo zote kwa sentensi moja. Maana ni kweli: nilikuwa natafuta sababu kubwa ya kufunika sababu ndogo. Nataka kucheza kwa kuwa napenda kucheza. Na sababu hiyo niliionea haya, kama kwamba mtu mwenye miaka 36, mwenye watoto na deni dukani, hana ruhusa ya kupenda kitu kisichozalisha. Nadhani hata Akhwari tumemtendea hivyo. Tumemvisha taifa zima mabegani, na ni kweli alilibeba, yeye mwenyewe alisema. Lakini mtu hakimbii tena kilometa 42 mjini Edinburgh kwa ajili ya bendera peke yake. Mahali fulani ndani yake lazima kulikuwa na mtu aliyependa tu kukimbia. Hilo nalisema kwa kubahatisha. Sijawahi kumwuliza, na pengine angenicheka.

Sababu kubwa zina ubaya wake. Ukisema unarudi kwa ajili ya taifa, au shule, au heshima ya kata, basi anayekukataza anakuwa adui wa taifa, shule na kata. Hawezi kusema hapana. Ukisema "napenda tu", unamwachia nafasi ya kukujibu kama binadamu kwa binadamu: na mimi je, niliyelima ekari mbili?

Kwa hiyo nilirudia, usiku wa pili, bila hotuba. Nikamwambia napenda, na ninaogopa, na nikiumia tena ni wewe utakayelima. Akanyamaza muda mrefu kuliko usiku wa kwanza. Halafu akauliza maswali ya mtu anayenunua ng'ombe: daktari alisema nini hasa? Kipigo kikija, ni miezi mingapi? Kibarua wa palizi anachukua kiasi gani kwa ekari? Tukapiga hesabu nyuma ya daftari la mahudhurio la zamani. Tukakubaliana kwamba kabla sijavaa daluga, fedha za kibarua wa ekari mbili, palizi mbili, ziwe zimewekwa kando mahali ambapo mimi siwezi kuzigusa, maana yake mikononi mwake. Na mavuno ya alizeti ya mwaka huu yaingie ndani kwanza. Binti yetu naye aliulizwa. Alisema yeye hana neno, ila nisicheze beki, kwa sababu mabeki ndio wanaogeuka sana. Sikujua kwamba alikuwa akitazama kiasi hicho.

Sidai kwamba hesabu ile imelipa kila kitu. Kibarua hupalilia alizeti. Hakuamshi usiku wa manane kukushika mkono kwenda msalani. Hilo halina bei kwa ekari, nami bado nitakuwa nalichukua bure kama likitokea. Kuna siku naamka nikiwa na hakika kwamba nitacheza, na kuna siku namtazama mke wangu akifunga kanga kiunoni kwenda shambani, nasema moyoni, tundika daluga, mwanaume, yaishe. Nahodha nimemwambia aninipe jibu la wazi kama atanikubali nicheze dakika za mwisho tu, mbele, mahali pa mtu mzima anayengojea mpira umfikie. Amesema atafikiria. Inawezekana kabisa kwamba sisi tunajadili jambo hili nyumbani kwa uzito wote huu, na timu yenyewe hainihitaji.

Juma lililopita nilirudi kwenye Darasa la Sita. Nilimwita yule mtoto nikamwambia swali lake lilikuwa zuri na kwamba nilikuwa sikumjibu vizuri. Nikawaambia nitacheza, labda, baada ya mavuno, na kwamba ni kwa sababu napenda. Walitazamana. Kisha nikawasimulia sehemu ya habari ya Akhwari ambayo nilikuwa naiacha: miezi 21, Edinburgh, saa 2, dakika 15 na sekunde 5. Nikaziandika namba mbili ubaoni, ya Mexico juu na ya Edinburgh chini, nikawaambia watoe. Wakatoa: saa 1, dakika 10 na sekunde 22. Wakashangaa vizuri tu.

"Kwa hiyo Edinburgh alikuwa wa ngapi, Mwalimu?" mtoto yule akauliza.

"Wa tano."

Akafikiri kidogo. "Wa tano tu?" akasema, akaketi.